Mafundi wa chokaa walioitengeneza nyumba yetu ya Kiponda: maoni yangu baada ya masika 2

Nimengoja masika 2 yapite ndipo nikaandika. Siku mafundi wanapokabidhi funguo, nyumba yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mtaa wetu wa Kiponda upo, hupendeza: kuta nyeupe, milango inanukia mafuta, majirani wanapita kutoa hongera. Nyumba hizi husema kweli mwezi wa Aprili, mvua inapopiga usiku kucha na maji yakaanza kutafuta njia. Basi mvua zimekuja mara mbili, na mara zote mbili nimezunguka chumba kwa chumba na tochi, nikagonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Nnaandika kwa wenzangu wenye nyumba za urithi hapa mjini, hasa nyie ambao hamjui mshike lipi: muuze, mvunje, au mtengeneze.

Mafundi ninaowasema hawana kampuni wala kibao. Ni kundi la watu 7: mzee mmoja, waashi 3, seremala, na vijana 2 wa kubeba na kuchanganya. Huku kwetu wanaitwa "mafundi wa chokaa" tu, na jina hilo linatosha. Mzee wao alianza ujanani, akibeba ndoo pale Mizingani katika miaka ya 1990, Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilipokuwa ikilifufua jengo la Dispensari Kongwe, lile alilolianzisha Tharia Topan karne ya 19, lenye roshani za kuchonga ambazo kila mgeni huzipiga picha. Anasema pale ndipo alipofunzwa kutazama kabla ya kugonga.

Nyumba yetu haina roshani za namna hiyo. Ni ya bibi yangu mzaa baba: chini na orofa moja, mlango wa kuchonga usio na makeke, baraza upande mmoja tu, ukumbi, ua wa ndani, ngazi iliyosimama kama ya melini, na vyumba virefu vyembamba. Nimesomesha jiografia skuli miaka 27, na wanafunzi walikuwa wakiniuliza kwa nini vyumba vya mjini vimebanana hivi. Jawabu liko darini. Upana wa chumba ndio urefu wa boriti ya mkoko, na boriti iliyonyooka ni shida kuipata zaidi ya mita 3. Mwenye kujenga alipoitaka nyumba kubwa, aliongeza vyumba, hakuvipanua.

Nyuma ya ua palikuwa na jiko na choo. Viliporomoka kwa mvua za El Niño, zile za 1997 na 1998, na tukaacha rundo la mawe pale pale, kuku wakalifanya kwao. Halafu mwaka 2014 tulifanya kosa kubwa zaidi. Ukuta wa ukumbi ulikuwa ukitoa unga na chumvichumvi, tukamleta fundi mmoja, akabandua lipu ya zamani mpaka usawa wa kifua akapiga simenti. Ulitoka umenyooka, tukafurahi. Haikupita miaka 3, unyevu ukapanda juu ya simenti, ukafika usawa wa kichwa, na lipu mpya ikavimba. Ukiigonga inalia kama debe.

Sababu yake nimeielewa baadaye, na nnaieleza kwa sababu bado naona watu wanafanya vivyo hivyo kila uchochoro. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake kama nusu mita na zaidi. Mawe hayo yana matundu. Yanakunywa maji kutoka chini na kutoka hewani, kisha yanayatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina matundu. Ukiufunga ukuta kwa simenti umeuziba mdomo. Maji hayatoki, yanapanda, yanabeba chumvi, chumvi inakauka ndani ya jiwe na kulipasua kidogo kidogo, na yakifika kwenye vichwa vya boriti yanaviozesha mahali ambapo jicho halifiki. Siku dari linaposhuka, watu husema nyumba imezeeka.

Tarehe 25 Desemba 2020 Beit al-Ajaib ilianguka upande mmoja, ikiwa kwenye matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lililotazama bahari na kila aliyezaliwa mji huu! Mama yangu alikaa barazani jioni ile hakusema kitu. Usiku alituita. Ami yetu alitaka tuuze. Kaka yangu aliye Maskati alitaka tuvunje, tujenge kwa matofali ya simenti, ingawa kuvunja nyumba kongwe ndani ya eneo la urithi si jambo la kuamka ukalifanya. Mama akasema, "Mimi nitatokea hapa hapa kwenda makaburini. Nyie tafuteni fundi."

Mzee alikuja asubuhi ya Jumamosi. Nilimwandalia chai, hakuigusa kwanza. Alipanda moja kwa moja juu ya paa, akakaa huko karibu saa nzima, akashuka na majani makavu mkononi na kijiti cha mti kilichokuwa kimeota kwenye ufa. Akaniambia, "Mwalimu, kuta zako nzima. Maji ndiyo yanayokuulia nyumba." Akanionesha: mlizamu wa paa, njia ya kutolea maji ya mvua, umeziba, maji yanarudi ndani ya ukuta wa upande wa msikiti, na chini yake ndipo boriti zilipolegea. Fundi wengine 3 tuliowaita kabla yake walianza kupima ukumbi kwa utepe na kutaja bei. Huyu hakutaja bei mpaka ziara ya tatu.

Ninachowasifia zaidi mafundi hawa ni kazi walizozikataa, ingawa zilikuwa na pesa. Kaka alitaka ukuta wa kati ya vyumba viwili vya juu uondolewe, upatikane ukumbi mpana wa wageni. Mzee akakataa, akamweleza kwa simu, kwa upole, kwamba ukuta ule ndio unaobeba boriti za pande zote mbili. Nilitaka orofa nyingine juu, vyumba viwili vya kukodisha. Akakataa hilo pia. Alinichukua mpaka chini, akachimba kidogo pembeni ya msingi, akaniambia niingize mkono. Mchanga na mawe, basi. "Aliyejenga alijua anabeba nini. Wewe unataka kumtwisha mzigo wa mtu mwingine." Alichokubali ni kuongeza nyuma, pale kwenye rundo la kuku.

Hilo jengo la nyuma ndilo nitakalolisema sana, kwa maana ndilo lililotuwezesha kuishi kisasa bila kuidhulumu nyumba. Limechukua mita 3 na nusu kwa 6, orofa moja, na halikuzidi urefu wa nyumba kongwe. Ukisimama uchochoroni hulioni. Jiko liko chini, vyoo 2 na bafu viko juu. Maana yake ni kwamba mabomba yote ya maji yameondolewa ndani ya nyumba ya zamani. Hakuna tena bafu juu ya dari la boriti, hakuna bomba lililofukiwa ukutani likavuja miaka bila kujulikana. Nnadhani tukihesabu nyumba zilizoporomoka hapa mjini, vyoo vilivyowekwa juu ya dari la boriti vitakuwa na hesabu yao kubwa.

Kuta za jengo hilo ni yale mawe ya El Niño. Vijana waliyachagua moja moja, wakayakwangua udongo, wakayapanga kwa ukubwa, na mwisho wa kazi lililobaki lilijaa karai 2 tu. Hatukununua jiwe. Hatukuleta lori la kifusi wala kutoa lori la kifusi, na anayejua gharama ya hamali na gari la mkono kutoka Darajani mpaka Kiponda ataelewa tuliokoa nini. Sakafu ya vyoo ni ya zege, na hapo nilishangaa kwa vile nilishazoea kusikia simenti ikilaaniwa. Mzee akaniambia, "Simenti ina mahali pake, mwalimu. Mahali pake si mgongoni mwa jiwe la pwani." Jengo la nyuma lina msingi wake na miguu yake. Halikuegemea nyumba kongwe hata kidogo. Kati yao pameachwa nafasi ya vidole 3, imefunikwa juu kwa bati lililokunjwa, ili kila moja litulie kwa kasi yake.

Ndani ya nyumba walianza kwa kuweka miega, nguzo za kulishikilia kwa muda, chini ya dari lote, kisha wakaibandua ile simenti ya 2014. Kazi hiyo peke yake ilikula wiki 5, kwa patasi na nyundo ndogo, kwani mashine ingetikisa ukuta. Baada ya hapo hawakupiga lipu. Waliuacha ukuta uchi miezi miwili na nusu, ukauke. Ndugu zangu walidhani mafundi wamekimbia! Mimi nilikuwa nikipitisha kiganja kila asubuhi, na nikaona rangi ya jiwe ikigeuka kutoka kahawia ya maji hadi kijivu cheupe.

Nyufa zilishonwa kwa mawe marefu yaliyolala kukatiza ufa, kisha zikanyweshwa uji mwembamba wa chokaa mpaka zikakataa. Boriti zilikuwa 46. Zilizotupwa ni 11. Nyingine 14 zilikuwa zimeoza vichwa tu. Walikata pale palipooza, wakalaza ubao mgumu ukutani wa kuzipokea, na ile boriti ya bibi ikarudi kazini. Sharti hilo lilikuwa langu na la mzee kwa pamoja: mikoko haikatwi ovyo siku hizi, na hata ukipata kibali, kila mkoko ulioukata ni ufukwe uliouvua nguo. Pale palipolazimu mti mpya tulitumia mbao za mtiki zilizotoka nyumba nyingine iliyoanguka.

Chokaa waliileta ikiwa imeshachomwa. Ni matumbawe yaliyopitishwa tanuuni, na yakimwagiwa maji yanachemka yenyewe, yanavimba, yanapasuka, yanakuwa uji mweupe wenye joto la kuunguza. Uji huo ulikaa shimoni uani, umefunikwa kwa maji, miezi 4 kabla ya kuguswa. Ndipo unakuwa laini kama siagi na mwiko unateleza. Najua kuchoma chokaa kunakula kuni, na sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba ni kazi isiyo na gharama kwa misitu. Lakini chokaa ikikauka ukutani hunyonya tena sehemu ya ile hewa ukaa iliyotoka tanuuni, na ukuta ulioshonwa vizuri hauhitaji kujengwa tena. Kwa hesabu yangu ya mwalimu wa jiografia, nyumba iliyokwisha jengwa ndiyo nyumba isiyomaliza kuni.

Ukumbini wamemalizia kwa niru, ile lipu laini ya chokaa tupu inayosuguliwa mpaka inang'aa kidogo. Zidaka 5, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zimezibwa kwa simenti zimefunguliwa tena, na katika kimoja tulikuta chetezo kilichovunjika mguu. Mama alikitambua. Ni cha mkwewe.

Sasa matumizi. Chumba cha mbele cha chini ni cha mpwa wangu, ana vyerehani 4 na wateja wanasimama barazani. Alitaka kukaa juu kwenye upepo, ila mzee alisema mashine za kutetemesha zikae juu ya ardhi, akatii. Mama yuko juu, chumba cha kaskazini. Vyumba viwili vinakodishwa kwa wanafunzi. Nyaya za umeme zimepita ndani ya mabomba membamba juu ya ukuta, hawakuchimba mifereji kwenye jiwe. Mwanzo niliona hayapendezi, sasa nnayaona na kushukuru kwamba likitokea tatizo halivunjwi kitu. Kwa wale wa intaneti: ukuta wa nusu mita ya matumbawe haupitishi mawimbi. Tulijifunza baada ya kuhamia. Wakati wa kupitisha nyaya za umeme pitisheni na waya wa intaneti kila orofa, mtajiepusha na usumbufu wetu.

Joto limepungua kwa namna ambayo hata mimi sikuitarajia. Ua wa ndani ulikuwa umefunikwa mabati tangu miaka ya 1980. Mafundi waliyainua dhiraa 2 juu ya kuta, wakaacha pande wazi. Upepo wa kaskazi sasa unaingia mlangoni, unapita ukumbini na kupanda kupitia ua. Pangaboi linatosha hata Februari. Maji ya mvua ya paa yanakwenda kwenye birika la zamani chini ya ngazi, lililokuwa stoo ya viatu vibovu. Wamelisafisha na kulipiga niru, na tunayatumia kwa kufulia na vyoo mfereji unapokatika.

Kasoro sasa, maana ziko.

Walisema miezi 9, imekuwa 14. Sehemu ya ucheleweshaji ni halali, ukuta haukauki kwa kuamrishwa. Lakini kuna wiki 3 walikwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine bila kuniarifu, na nyumba ikakaa juu ya miega na mama amehamishiwa kwa khalati Mkunazini. Hilo liliniuma, na nilimwambia mzee usoni. Aliomba radhi, ila radhi haikurudisha kodi.

La pili ni hesabu. Hawaandiki. Kila kitu kiko kichwani mwa mzee na katika daftari moja la seremala lenye alama anazozijua yeye. Mimi niliandika kila siku, jioni tukasomeana, na nyie fanyeni hivyo hivyo. Kwa jumla tumetumia milioni 96, pamoja na ramani, mbao na jengo la nyuma. Bei ya kubomoa na kujenga kwa matofali tuliyopewa na mkandarasi mmoja ilikuwa milioni 70 bila milango wala madirisha, na milango yetu ni ile ile ya bibi, imesafishwa na kupakwa mafuta.

La tatu, vijana walikuwa wakichanganya chokaa kwa mikono mitupu. Chokaa inababua. Mmoja alirukiwa na tone jichoni, tukamwosha kwa maji ya mtungi muda mrefu, alhamdulillah hakudhurika. Siku hiyo hiyo nilinunua glavu na miwani ya plastiki. Lilikuwa jukumu la mkubwa wao, na nilimwambia hivyo mbele ya wote.

La nne ni lile bati la kati ya nyumba na jengo la nyuma. Masika ya kwanza lilivuja, maji yakateremka mpaka jikoni. Nilituma ujumbe saa 12 asubuhi. Saa 3 seremala na mwashi mmoja walikuwa juu ya paa na mvua inanyesha. Walilitoa lote, wakalikunja upya na kuliingiza ndani zaidi ya ukingo, hawakudai hata nauli. Masika ya pili lilibaki kavu.

Kwa nyie mnaotaka kuwaita: kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Chombo hicho kipo tangu 1985, kabla UNESCO haijauandika mji wetu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuongeza jengo hata la mita 3 kunahitaji ramani iliyopitishwa. Sisi tulichorewa na msichana aliyekubali kukaa na mzee uani na kurekebisha mchoro mara 4. Hilo lilitusaidia kuliko tulivyofikiri, kwa sababu ramani iliyopita ndiyo iliyojengwa.

Pili, msiwaite mwezi wa Februari mkitaraji kumaliza kabla ya mvua. Waiteni mvua zikiwa zimekwisha, kusi limeanza kukausha. Na kabla hawajaja, chimbeni shimo uani au muazime kwa jirani, mnunue chokaa mapema, muizime na kuifunika maji. Yetu ya msimu ujao, ya kupaka ukuta wa upande wa msikiti, iko shimoni tangu mwezi wa Rajabu, na mama hapiti pale bila kufunua ubao kuchungulia kama maji yametosha.